Kalamu ya tableti imepotea au imekufa: ipi ununue Kampala, ipi uiache dukani

Ukiingia Mutaasa Kafeero Plaza au maduka ya simu ya Luwum Street kutafuta kalamu ya tableti, utawekewa mezani kalamu nne au tano ambazo kwa macho huwezi kuzitenganisha: nyeupe, nyembamba, ncha ya plastiki, na boksi lenye maandishi kwamba inafaa kwa vifaa vyote. Muuzaji ataigusisha moja kwenye simu yake, programu itafunguka, naye atakwambia, "Umeona, mkubwa? Inafanya." Jaribio hilo halithibitishi chochote. Kalamu inayofungua programu kwenye simu yake inaweza isiandike hata neno moja linalosomeka kwenye tableti yako, na ile isiyofanya lolote kwenye simu hiyo inaweza kuwa ndiyo hasa unayoitafuta.

Kalamu haichaguliwi kwa umbo, na bei peke yake haikuelezi kitu. Huchaguliwa kwa kile kilichofungwa chini ya kioo cha tableti. Kampuni nyingi zimeweka chini ya kioo mfumo wao wa kusoma kalamu, na mifumo hiyo kwa kawaida haielewani. Ukishaujua mfumo wa tableti yako, nusu ya kalamu zilizo mezani zinaondoka zenyewe.

Hakikisha kwanza kalamu ndiyo mbovu

Kalamu ya zamani kama bado unayo, ipime kabla ya kupanda boda kwenda mjini. S Pen, yaani kalamu ya Samsung, ishike karibu na kioo bila kugusa, chini ya sentimita moja. Kikitokea kinukta kinachoifuata, koili ya ndani (waya mwembamba uliozungushwa) ni nzima, na mara nyingi shida iko kwenye ncha. Chomoa ncha kwa kibano kidogo, ukivuta moja kwa moja bila kuipinda, kisha weka nyingine. Kama kalamu inachora mstari kabla haijagusa kioo, sehemu inayopima mkandamizo imekwama, na hilo hutokea sana kalamu inapoanguka ikitanguliza ncha. Vuta ncha, irudishe taratibu, jaribu tena. Ikiendelea kuchora hewani, hiyo imekwisha.

Kinukta kisipotokea kabisa, azima S Pen ya mtu mwingine, hata ile ya simu ya Galaxy Note au ya Galaxy S22 Ultra na zilizofuata. Zote zinasomwa kwa mfumo mmoja. Kama na hiyo imekataa, usinunue kalamu. Tatizo ni tableti.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Bamba linalosoma S Pen liko nyuma ya skrini, mbali na tabaka linalosoma kidole. Tableti ikivunjika kioo na fundi akafunga skrini ya bei rahisi isiyo na bamba hilo, au akasahau kurudisha waya wake bapa mahali pake, kidole kitafanya kazi vizuri na kalamu haitasomwa tena. Mwenye tableti anahisi kalamu imekufa, ananunua ya pili, kisha ya tatu. Ukiona kalamu iliacha kuandika siku ileile tableti ilipotoka kwa fundi, rudi kwa fundi.

Kwa iPad dalili ni tofauti. Baada ya kubadilishwa kioo, Apple Pencil, kalamu ya Apple yenyewe, huweza kuandika lakini mstari wa mshazari ukatoka kama meno ya msumeno. Kalamu mpya haiondoi meno hayo. Na kama Apple Pencil haionekani kabisa, fanya mambo matatu kwa mpangilio huu: kaza ncha kwa vidole upande wa saa, maana ikilegea kidogo tu haiandiki, ichaji kwa nusu saa, kisha ingia Bluetooth kwenye mipangilio, iondoe kwenye orodha ya vifaa na uiunganishe upya. Ikikataa baada ya hapo, uliza ilikaa muda gani bila chaji. Apple Pencil iliyolala droo miezi mingi ikiwa tupu, mara nyingi betri yake hufa na haifufuki, na mwili wake umefungwa kwa namna ambayo fundi hawezi kuufungua na kuurudisha ukiwa mzima. Yeyote anayekuuzia iliyotumika, mwambie aandike nayo mbele yako.

Soma namba ya modeli, usitegemee jina

"Samsung ya inchi kumi" haimsaidii muuzaji. Kwenye Samsung fungua mipangilio, shuka hadi sehemu ya kuhusu tableti, andika namba inayoanza na SM. Kwenye iPad ingia General, kisha About. Ukigusa namba ya modeli iliyoandikwa pale, itabadilika na kuonyesha namba inayoanza na herufi A. Piga picha ya skrini hiyo na uende nayo.

Samsung: nafuu, na haitaki umeme

Kwa mtu anayefanya kazi nje ya Kampala, kalamu ya Samsung ndiyo tunayoipendekeza bila kusita, mradi tableti yenyewe inaikubali. Bamba lililo chini ya skrini linatoa uga wa sumaku, koili ndogo ndani ya kalamu inaitikia, na nguvu yote inatoka kwenye tableti. Kalamu haihitaji betri ili iandike. Mwalimu wa Kitgum au afisa wa SACCO anayezunguka vilima vya Kasese hana sababu ya kuwaza kama kalamu ilichajiwa jana usiku. Mvua ikidondokea kioo, kidole kinachanganyikiwa na kuruka huku na huku, lakini S Pen inaendelea kusomwa.

Zinazokubali ni nyingi za familia ya Tab S, kama Tab S6 Lite, ambayo namba zake ni SM-P610 na SM-P615 kwa toleo la 2020, SM-P613 na SM-P619 kwa la 2022, na SM-P620 na SM-P625 kwa la 2024, kisha Tab S7, S8, S9 na ndugu zao wa FE, matoleo ya bei nafuu zaidi. Zipo pia Tab A chache za zamani zilizouzwa na kalamu, kama SM-P580 na SM-P205. Herufi P baada ya kistari ni ishara nzuri kwamba kalamu inakubalika, ila kukosekana kwake si ushahidi wa kinyume: Tab S7 ni SM-T870 na Tab S8 ni SM-X700, na zote mbili zinaandika kwa S Pen.

Zisizokubali ndizo zinazoleta ugomvi madukani: Tab A7, Tab A7 Lite, Tab A8, Tab A9 na Tab A9+. Ni tableti nzuri na ziko nyingi mikononi mwa watu, lakini hazina lile bamba. Hakuna S Pen yoyote, orijino au feki, itakayoandika juu yake, na hakuna programu ya kupakua itakayobadilisha hilo. Muuzaji anayekuuzia S Pen kwa ajili ya Tab A9 ama hajui ama hajali.

Orijino au ya kuiga? Kwa Tab S6 Lite, kalamu yake ya asili haina betri wala Bluetooth, kwa hiyo ya kuiga iliyotengenezwa vizuri inakaribia sana kazi yake. Tofauti utaisikia kwenye mkandamizo. Orijino inatofautisha viwango 4,096 vya nguvu ya mkono; nyingi za kuiga hurukaruka, mstari unakuwa mwembamba kisha ghafla mnene. Kwa kuandika noti za darasani hilo halina madhara. Kwa mchoraji au mtu wa usanifu wa mabango pale Nasser Road, alipie orijino. Kwa Tab S7, S8 na S9 kalamu ya asili ina betri ndogo na Bluetooth kwa ajili ya kupiga picha ukiwa mbali au kugeuza kurasa kwa ishara za mkono. Za kuiga kwa kawaida hazina hiyo Bluetooth, hata kama kwenye boksi imeandikwa ipo. Kuandika zitaandika. Kama hukuwahi kutumia ishara hizo, usilipie.

Kuna mtego mmoja: S Pen Fold Edition, ile ya simu za Galaxy Z Fold. Inafanana na nyingine, lakini inatumia masafa tofauti na haisomwi na tableti. Ukiiona inauzwa kwa bei ya kutupa, sababu yake ndiyo hiyo. Upande mzuri wa mfumo huu ni kwamba kampuni nyingine hutengeneza kalamu zinazooana nao, kama Noris digital ya Staedtler na AL-star EMR ya Lamy. Ni nene kidogo, zinashikika kama kalamu ya kweli, na kwa anayeandika kurasa nyingi mkono unachoka polepole. Kasoro yake ni kwamba hazina sumaku ya kushikamana na tableti, kwa hiyo ni rahisi kuzisahau kwenye teksi.

iPad: kalamu nne za Apple, na za kuiga zinazofaa

Apple Pencil ziko aina nne na hazibadilishani ovyo. Ya kwanza ya 2015, yenye kifuniko na plagi ya Lightning, ni ya iPad za kawaida kuanzia kizazi cha 6 hadi cha 9, Air ya 3, mini ya 5 na Pro za mwanzo. Kwa kizazi cha 10 inahitaji adapta ya USB-C. Ya pili ya 2018, inayochaji kwa kubandikwa ubavuni, ni ya Air ya 4 na ya 5, mini ya 6 na Pro za kuanzia 2018 hadi zile za chipu ya M2. Ya USB-C ya 2023 inakubaliwa na iPad zenye tundu la USB-C, lakini haina mkandamizo: bonyeza usibonyeze, mstari ni uleule. Pencil Pro ya 2024 ni ya Pro za M4, Air za M2 na M3, na mini yenye A17 Pro. Ukinunua ya pili kwa ajili ya iPad ya kizazi cha 9, itakaa mezani bila kazi, kwa sababu hakuna mahali pa kuichaji wala kuiunganisha.

Kuhusu bei, Apple ilitoa ile ya USB-C kwa dola 79 na Pencil Pro kwa dola 129 kule Marekani. Ukihesabu dola kwa shilingi 3,600, hiyo ni kama shilingi 284,000 na 464,000 kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Kwa hiyo Apple Pencil mpya ya shilingi 70,000 si ya Apple, hata boksi liwe limefungwa nailoni vizuri kiasi gani.

Lakini si ya Apple haimaanishi ni mbaya. Kalamu za kuiga za iPad za kuanzia 2018 ndizo zilizotushangaza kwa uzuri katika soko zima. Zinawashwa kwa kugusa kichwa mara moja au mbili, nyingi hazihitaji kuunganishwa Bluetooth ili ziandike, zinachaji kwa waya wa kawaida wa USB-C, na unaweza kulaza kiganja kwenye kioo bila kuacha madoa. Kinachokosekana ni mkandamizo. Kwa mwanafunzi wa Makerere anayeandika juu ya slaidi za mhadhara, hii ndiyo ya kununua, abaki na akiba yake. Angalia mambo mawili tu. Hazisomwi na iPad Pro za 2015 hadi 2017, ingawa Apple Pencil ya kwanza inasomwa humo. Na iPad ya kizazi cha 5, ile ya 2017, haikubali Apple Pencil wala hizi za kuiga, ila zile za "vifaa vyote" zinazoelezwa hapa chini. Sumaku ya ubavuni nayo isikudanganye. Nyingi zinashikamana na iPad bila kuchaji.

Kalamu ya "vifaa vyote"

Hizi ni za makundi mawili. La kwanza ni zisizo na umeme: ncha ya mpira, ya kitambaa cha nyuzi za chuma, au ya kisahani cha plastiki angavu. Zinapitisha umeme mdogo wa mwili wako hadi kwenye kioo, kwa hiyo lazima ngozi iguse mwili wa kalamu. Ukiivisha mpira au kuizungushia selotepu, inakufa. Kati ya hizo, ya kisahani ndiyo bora kwa sahihi na mistari, kwa kuwa unaona ncha inapotua. Ya mpira huchoka: tundu likitokea kwenye mpira, pete ya chuma iliyo ndani inaanza kukwaruza kioo.

Kundi la pili lina betri na ncha nyembamba ya kama milimita 1.5. Linaidanganya tableti iamini imeguswa na kidole. Kwenye tableti za Android kiganja hakitengwi, kwa hiyo utaandika mkono ukiwa juu hewani, na baada ya nusu ukurasa bega linalalamika. Baadhi zina hali mbili, moja ya iPad na moja ya Android, zinazobadilishwa kwa kubofya na kuonyeshwa kwa rangi ya taa. Watu wengi hudai kalamu ni mbovu kumbe iko kwenye hali isiyo yake.

Kwa kujaza fomu na kuchagua majibu, kazi kama ile ya sensa ya Mei 2024 iliyofanywa kwa tableti, kalamu ya kisahani inatosha kabisa. Kwa mwandiko wa mfululizo hatuipendekezi yoyote kati ya hizi. Mwenye Tab A9 anayetaka kuandika noti kila siku, akiba yake ielekee Tab S6 Lite iliyotumika badala ya kurundika kalamu za bei rahisi.

Kwa ufupi kuhusu nyingine: Surface hutumia mfumo wa Microsoft, na Surface Pen inakula betri ya AAAA ambayo si rahisi kuipata kama AA au AAA, kwa hiyo nunua na ya akiba. Chromebook nyingi na Pixel Tablet hutumia USI, mfumo wa kalamu unaotumiwa kwa pamoja na kampuni kadhaa. Xiaomi, Huawei na Lenovo kila moja ina kalamu yake. Tafuta jina la modeli ya kalamu kwenye ukurasa wa tableti hiyo, si kwenye boksi la kalamu.

Dakika tano mezani kwa muuzaji

Nenda na tableti yako, ikiwa na chaji, na programu ya kuandikia ikiwa imefunguliwa. Weka rula au ukingo wa kitabu kwa mshazari juu ya kioo, vuta mstari polepole sana, kama sekunde tano kutoka kona hadi kona. Mstari wa haraka huficha makosa. Wa polepole huyafichua. Mawimbi yanayojirudia kwa umbali sawa ni ishara ya kalamu dhaifu. Rudia bila rula karibu na kingo zote nne.

Laza kiganja chote, andika sentensi mbili za mwandiko wa kawaida. Kisha weka nukta kumi za haraka na uzihesabu. Kalamu mbaya hula nukta, na kwenye mwandiko hiyo ndiyo inayofanya herufi i ionekane l. Kwa S Pen, jaribu mkandamizo kwa kuanza mstari kwa mguso mwepesi kabisa ukiongeza nguvu. Usikubali inayohitaji kusukumwa ndipo ianze. Mwisho vua kava. Sumaku za kava linalokunjwa nyuma ya tableti huweza kuvuruga S Pen na kuacha sehemu isiyosomwa au mstari unaokwenda pembeni ya ncha. Kama kasoro imeondoka na kava, kalamu haina kosa.

Protekta ya skrini nayo ina lake. Ya kioo nene hudhoofisha kalamu za kundi la vifaa vyote na kufanya ncha ionekane mbali na wino. Ile ya kukwaruza kama karatasi inapendeza mkononi lakini inasaga ncha haraka, kwa hiyo nunua ncha za akiba siku hiyohiyo. Ncha ikiwa bapa na yenye ukingo mkali, badilisha. Na kwa vumbi la barabara za murram, futa kioo kwa kitambaa laini kabla ya kuandika: chembe moja ya mchanga ikikwama kati ya ncha na kioo inachora alama isiyofutika.

Risiti nyingi za Kampala zimepigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Muhuri huo usikunyamazishe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inampa haki mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyataka na akategemea ujuzi wake. Kwa hiyo mwambie kabla ya kulipa aandike kwenye risiti namba ya tableti yako na maneno "kalamu ya SM-P619", au namba yoyote uliyo nayo. Anayejua anachouza ataandika bila shida. Akianza kuzungukazunguka, funga tableti uende duka la pili.